Aliyepaswa Kusema "Basi"

Inspekta Abigaël Ngalula aliinama juu ya kitanda cha hospitali akaitazama ile shingo kwa mara ya kwanza. Ndiyo, kwa mara ya kwanza. Tangu juzi alikuwa amemfungia mtu mahabusu kwa ajili ya shingo hiyo, na hakuwa amekuja kuiona kwa macho yake mwenyewe. Aliridhika na picha aliyoipiga mama wa mgonjwa kwa simu, nyumbani, chini ya balbu iliyokuwa ikififia. Sasa mwanga wa asubuhi uliingia vizuri dirishani, na alichokiona hakikumpendeza hata kidogo.

Alama ilikuwa upande wa kulia peke yake. Ilianzia chini ya sikio, ikashuka mshazari kuelekea kwenye koo, ikaishia hapo. Upande wa kushoto ngozi ilikuwa safi. Na ndani ya alama ile kulikuwa na mistari myembamba iliyolala sambamba, mstari kwa mstari, mithili ya nguo nzito iliyopitishwa cherehani mara nyingi.

Abigaël alitoa mkobani mpira mweusi wa kufungia mizigo, ule uliokutwa kwenye pikipiki ya Jeannot, mtu aliyemfungia. Aliupitisha kidole. Ulikuwa laini mwanzo hadi mwisho.

"Docteur, huu unaweza kuacha mistari kama ile?"

Daktari Gracia, msichana mwembamba aliyekuwa amekesha zamu, aliuchukua, akaupindapinda, akaurudisha.

"Hapana. Na mtu akinyongwa kwa mpira, alama inazunguka. Hapa kitu kimevuta upande mmoja, kwa nguvu. Mshipa mkubwa wa shingo umechanika kwa ndani, damu ikaganda, kipande kikaenda kichwani. Ndiyo maana mkono na mguu wa kushoto vimelegea."

"Hiyo inatokea palepale?"

"Inaweza kuchukua saa kadhaa. Mtu anaamka, anatembea, anacheka na wenzake. Halafu anaanguka."

Mgonjwa mwenyewe, Ruben, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwanafunzi wa chuo kule Kasapa na bingwa wa mieleka ya kuchanganya mitindo, alikuwa amefumba macho. Kope zake zilitikisika. Abigaël alishaona watu wengi wanaojifanya wamelala, na huyu hakuwa fundi wa kazi hiyo. Lakini mama yake, Mama Delphine, alikuwa ameketi pembeni na rozari mkononi, na daktari alikuwa amekataza mgonjwa kusumbuliwa mpaka dawa ya asubuhi ifanye kazi.

Akatoka nje kwenye varanda, akasimama.

Habari yenyewe ilikuwa nyepesi mno, na hapo ndipo alipojikwaa. Ruben alitoka mazoezini jioni, akapanda pikipiki ya kukodi. Njiani akaanguka. Dereva, Jeannot Mumba, akamnyanyua, akamfunga mgongoni kwake kwa shati lake mwenyewe, akamfikisha mpaka mlangoni kwao. Mama akaona alama shingoni, akauliza, "Ni huyu?" Ruben akatikisa kichwa kukubali. Kesho yake asubuhi baba wa kijana, Mzee Adrien, mfanyabiashara anayejulikana mjini, akamjia Abigaël ofisini, akamsalimia kwa Kiluba cha Kasai, akamwita binti yetu. Kabla jua halijakaa sawa, binti yetu alikuwa amekwenda kwenye kituo cha pikipiki akamtia Jeannot pingu mbele ya wenzake wote. Jeannot alipojaribu kusema neno, alimwambia afunge mdomo.

Hakujiuliza swali ambalo hata muuza karanga angejiuliza: ni mnyongaji gani anayembeba aliyemnyonga mpaka kwa mama yake?

Na leo saa tisa gari lingempeleka Jeannot parquet, kwa mwendesha mashtaka. Akishavuka mlango ule, kumrudisha ni kazi nyingine kabisa. Watu huingia gereza la Kasapa kwa kosa la siku moja wakazeekea humo wakingoja faili lao lionekane.

*

Salle ya mazoezi ilikuwa nyuma ya bohari la unga la Paluku, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekuja Lubumbashi na malori yake na kupenda mapigano kuliko malori. Wanafunzi wake walimwita Maître. Alikuwa mfupi, mpana, masikio yamevimba kwa miaka ya kusuguliwa. Alimpokea Abigaël kwa heshima, akamwomba avue viatu kabla ya kukanyaga mkeka, akamletea kiti.

"Mama Inspecteur, mimi siku ile sikuwako. Nilienda Luano, ku kiwanja ya ndege, kupokea dada yangu. Nilimuachia Ruben salle. Yeye njo mukubwa yabo."

"Walifanya nini siku ile?"

"Ngumi na mateke. Gants tu ku mikono, bila kimono. Njo vile baliniambia."

Abigaël alitazama nje kwa mlango wa nyuma. Kwenye kamba ya ua zilining'inia kimono kadhaa, yale makoti mazito meupe ya judo, mikono imetanuka, pindo bado zina unyevu. Alipita chumba cha wanaume cha kubadilishia nguo, akaona magunia ya ngumi, helmeti, ndala zilizopishana, na kwenye msumari peke yake kitenge cha njano chenye maua mekundu, kimekunjwa vizuri.

"Hiki ni cha nani?"

"Ya kupangusa mukeka," alijibu Maître Paluku.

Abigaël alikigusa. Hakikuwa na doa la jasho wala vumbi, na kilikuwa na mkunjo wa pasi. Mwanamke anayefua nyumbani kwake anajua kitambaa cha kupangusia kinavyokuwa. Akakiacha hapohapo.

"Maître, nifundishe kidogo. Wanapopimana nguvu hapa, mnafanyaje ili wasiumizane?"

Hapo mzee alichangamka. Kila jozi, alisema, lazima iwe na mtu wa tatu, anayesimama karibu na kuangalia mikono na miguu. Wao humwita Jicho. Anayebanwa akigonga mkeka au akimgonga mwenzake, anaachiwa mara moja. Asipogonga, ni kazi ya Jicho kusema "basi". Anayebana hasikilizi mtu mwingine yeyote, wala hajiamulii, kwa sababu damu ikishapanda mtu hajui nguvu zake.

"Bila Jicho, hakuna kukaba shingo. Hiyo ni sheria ya hapa. Hata mimi nikicheza, naweka Jicho."

Abigaël akatoa simu, akamwonyesha picha aliyoipiga hospitalini asubuhi ile. Mzee aliisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali.

"Hii ni kola," alisema polepole. "Kola ya kimono. Hii mistari ni ya mushono. Mama, hii njo kola."

"Na wewe umeniambia bila kimono."

"Na mimi baliniambia vile."

Alikwenda mlangoni akaita kwa sauti iliyotetemesha mabati. "Franck!"

Franck alikuwa akipakia unga kwenye kigari upande wa bohari. Aliingia akijipangusa, kijana mrefu mwenye mikono mirefu, rafiki wa Ruben tangu shule ya msingi. Aliona ile picha mkononi mwa mwalimu wake, akaona sare ya polisi, na hakungoja aulizwe.

"Ni mimi," alisema. "Mi njo nilimukaba. Ilikuwa mazoezi tu, Maître. Hakugonga. Nilikuwa naogopa kusema. Munifunge mimi."

Maître Paluku alishika kichwa. Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kuchomoa pingu. Kesi imejisema yenyewe. Abigaël alikuwa ameshafanya haraka mara moja wiki hiyo, na ladha yake ilikuwa bado mdomoni. Alimtazama Franck. Kijana alikuwa amenyoosha mikono mbele kama anayepokea mzigo, na usoni alikuwa na nafuu. Mtu anayekiri kosa lake huwa hana nafuu ya namna ile, hasa dakika ya kwanza.

"Nionyeshe," alisema.

"Nini?"

"Ulivyomkaba. Leta kimono."

"Mama, hapana," alisema Maître Paluku. "Tutamuwekea mutu mwingine. Hatuwezi kukamata shingo ya serikali."

"Shingo ni yangu, Maître. Serikali haijanipa nyingine. Wewe kuwa Jicho."

Alivaa koti moja juu ya shati la sare, likamfika magotini, akaketi mkekani. Franck alipiga magoti nyuma yake. Alisitasita, halafu mwili ukamfanyia kazi wenyewe, maana mtu aliyefundishwa miaka hasahau. Mkono wa kulia ulipita juu ya bega la Abigaël, ukaenda kushika kola upande wa pili, juu kabisa karibu na sikio. Wa kushoto ukapita chini ya kwapa, ukashikilia. Kisha akavuta.

Abigaël hakuwahi kujua kwamba kitambaa kinaweza kuwa kigumu namna hiyo. Hewa ilikuwako, koo lilikuwa wazi, lakini dunia ilianza kupungua kwenye kingo. Akagonga mkeka haraka, mara nyingi. Franck akaachia palepale. Abigaël alikaa akihema, akapeleka mkono shingoni, akapapasa ilipouma.

"Umenibana upande wa kushoto," alisema.

Franck alirudi nyuma kwa magoti.

"Ukivuta kwa mkono wa kulia kutoka nyuma, kola inauma kushoto. Sivyo, Maître?"

"Njo vile," alisema mzee.

"Ruben ameumia kulia. Aliyemkaba alitumia mkono wa kushoto." Alijivua koti, akalikunja taratibu. "Franck, wewe unashika kalamu kwa mkono gani?"

"Kuume."

"Sasa niambie kitu kimoja tu. Siku ile nani alikuwa Jicho?"

Kijana alikaa chini pale pale mkekani, akaweka paji la uso juu ya magoti. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia hapo.

"Mimi," alisema, uso ukiwa bado magotini. "Mimi nilikuwa Jicho."

Maître Paluku alimkaribia. "Na ulisema basi?"

"Hapana."

"Uliona mukono yake inalegea?"

"Niliona, Maître."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza." Akaanza kulia, kilio cha mwanamume asiyekizoea, cha kukwaruza. "Alikuwa ananiangalia. Macho yake ilikuwa inaniambia, usiseme. Nikisema basi, ni kama amegonga. Na akigonga, banamuvalisha ile kitenge."

Ikawa zamu ya mzee kutoelewa. Franck alieleza huku akitazama mkeka. Ni wao vijana walioanzisha, bila mwalimu kujua. Mwanamume akibanwa na mwanamke akagonga, anafungwa kitenge kiunoni, anapigwa picha, picha inaingia kwenye kundi la simu la salle nzima. Walianza kwa mzaha. Mtu mmoja aliacha kuja kabisa. Mwingine picha yake ilimfikia mchumba. Na aliyebuni mchezo huo, aliyenunua kitenge chenyewe na kukileta kimepigwa pasi, alikuwa Ruben.

Maître Paluku aliingia chumba cha kubadilishia nguo. Alitoka na kitenge, akakitazama kana kwamba anakisoma. Miezi mingapi alikuwa akipita mbele ya msumari ule. Alisema anaona haya mbele ya Mungu, akalisema neno hilo kwa Kinande kwanza, halafu kwa Kiswahili.

"Nani anakaba kwa mkono wa kushoto hapa?" aliuliza Abigaël.

Mzee ndiye aliyejibu, kwa sababu kijana hakuwa na sauti tena.

"Kuko mumoja tu. Dorcelle."

*

Dorcelle alikuwa sokoni, nyuma ya rundo la samaki wakavu kutoka Pweto, walikotoka wazazi wake. Alikuwa msichana wa mabega mapana na sauti ndogo, na alikuwa akimfungia mteja samaki kwenye gazeti, akikaza uzi kwa mkono wa kushoto. Alimwona Abigaël, halafu akamwona Franck nyuma yake na macho yake mekundu. Uzi ukamtoka vidoleni.

"Amekufa?" aliuliza.

"Hajafa. Mkono na mguu havifanyi kazi."

Dorcelle alishusha pumzi, akamaliza kumfungia mteja, akamrudishia chenji, akamshukuru. Kisha ndipo akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Sema jinsi ilivyokuwa," Abigaël alimwambia. "Taratibu."

"Ruben njo alinichagua. Alisema leo tuvae kimono, Maître haiko. Nilimupata mugongo, nikakamata kola. Nilivuta. Nilikuwa nangoja agonge. Hakugonga. Nilikuwa nangoja Franck aseme basi. Hakusema. Sheria inasema usiachie mpaka usikie." Alitazama mikono yake iliyonuka samaki. "Halafu nikasikia uzito. Mutu akilala anakuwa muzito, mama. Nikaachia mwenyewe."

"Aliamka?"

"Aliamka, alicheka. Alisema hakulala, alikuwa anapumzika tu. Banaume bote balicheka. Lakini nyuma, nje pa ukuta, alinishika mukono akaniomba. Alisema, Dorcelle, usiniue mara mbili. Nikaapa sitasema."

"Na ulipoambiwa ameanguka?"

"Franck alisema ni pikipiki ilimuangusha. Nilikubali, sababu nilitaka kukubali."

"Kuna baba wa watoto amelala mahabusu tangu juzi kwa sababu ya kiapo hicho," alisema Abigaël. "Amefungwa kwa kumnyonga Ruben."

Dorcelle hakujua. Ilionekana wazi, hakuna anayeweza kuigiza uso kama ule. Alimgeukia Franck.

"Wewe ulijua?"

Franck hakuinua kichwa. Dorcelle alisimama, akafunika samaki kwa turubai, akamwambia jirani yake wa meza ya nyanya amchungie. Hakuuliza kama anakamatwa au hakamatwi. Alisema tu, "Twende kwa Ruben."

*

Mzee Adrien alikuwa ameshafika hospitalini, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Alikuwa amesimama upande wa miguuni wa kitanda. Mama Delphine hakuwa ametoka pale tangu asubuhi. Ruben alifumbua macho, akamwona Dorcelle mlangoni, na upande mmoja wa uso wake ukakunjamana. Upande wa pili ulibaki ulivyo.

"Ruben," alisema Abigaël, "sitakuuliza mengi. Dereva wa pikipiki alikugusa shingo?"

Mama Delphine aliacha rozari.

"Hapana," alisema Ruben. Maneno yalimtoka mazito, yakiburuta. "Alinibeba."

"Basi kwa nini ulimwambia mama ni yeye?"

"Mama aliuliza, ni huyu? Niliona nikisema hapana, ataniuliza ni nani." Machozi yalishuka kuelekea masikioni, na mkono mmoja tu ndio ulioweza kuyafuta. "Niliona haya, mama. Nilisema kesho nitasema ukweli. Asubuhi mukono haikuamka. Nikaogopa zaidi."

Mama Delphine hakumgombeza. Alitazama ukuta, kwa sababu swali lile lilikuwa limetoka kinywani mwake yeye. Dorcelle alisogea kitandani, akasimama pale.

Mzee Adrien alimshika Abigaël kiwiko, akamtoa varandani. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla, na alizungumza kwa Kiluba, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu wa nyumbani.

"Binti yangu, tumekosa. Yule kijana atoke leo hii, nami nitamtafuta, nitaongea naye kiutu. Lakini tufanye kimya kimya. Andika kwamba ushahidi haukutosha. Jina la mwanangu lisitajwe na mambo ya vitenge. Na wewe pia," akasita kidogo, "wewe pia una wakubwa wako. Hakuna haja wajue ulikwenda haraka."

Ukweli usemwe: Abigaël alilipima neno hilo. Sentensi moja kwenye faili, mlango wa nyuma unafunguliwa, mtu anakwenda zake, na hakuna atakayejua kwamba Inspekta Ngalula alimtia mtu pingu bila kwenda kutazama shingo. Angelala usiku huo bila tatizo. Alilipima kwa muda mrefu kuliko alivyopenda baadaye kukumbuka.

"Papa Adrien," alisema, kwa Kiswahili, "mficha uchi hazai. Mwanao alificha, rafiki yake akaficha, na leo mkono haunyanyuki. Nikificha na mimi, tutakuwa tumemnyonga Jeannot kweli."

Akarudi ndani kuchukua maelezo ya Ruben, neno kwa neno, mbele ya mama yake.

*

Gari la parquet lilikuwa limeshawashwa uani aliposhuka na karatasi mkononi. Kamanda alisoma, akaguna, akamtazama juu ya miwani kwa namna iliyomwambia kwamba wataongea, akatia sahihi. Mambo ya Franck na Dorcelle yangekwenda mbele ya sheria kwa njia yake. Huyu mmoja alikuwa huru.

Jeannot Mumba alitoka mahabusu akikinga macho. Alikuwa mtu wa thelathini na kitu, shati lake, lile alilomfungia Ruben mgongoni, lina damu kavu. Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka. Vijana wa mtaa kwa kina Ruben walimpiga kabla ya kumwachia siku ile. Abigaël alimrudishia funguo na ule mpira wa mizigo.

"Papa Jeannot, uko huru. Hukufanya kosa. Mgonjwa mwenyewe amesema."

Jeannot alipokea vitu vyake, akavitia mfukoni.

"Nilikuambia," alisema.

"Uliniambia."

"Uliniambia nifunge kinywa."

"Ndiyo."

Askari wa zamu alifungua mlango mdogo wa uani, ule unaotokea uchochoroni, ambako watu hutoka bila kuonekana. Alikuwa akimfanyia hisani. Jeannot aliutazama mlango, hakuukaribia.

"Mimi hapana kupita pale."

"Pita unapotaka," alisema Abigaël.

"Chef, sikia. Unanipatia karatasi, nashukuru. Lakini bantu ba pa parking hawasomi karatasi yako. Balikuona wewe. Ulinitia minyororo mbele yabo. Bibi yangu jana alienda kuchota maji, banamuambia, ule bibi ya munyongaji. Mutoto wangu banamukimbia ku masomo. Nikirudi peke yangu, batasema nimetoka kwa kuhonga." Aliongea bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchoma Abigaël zaidi. "Ulinitoa pale. Unirudishe pale."

Askari wa zamu alicheka kidogo, akidhani ni utani. Abigaël hakucheka. Alijaribu kutafuta sababu ya kukataa, na zilikuwapo nyingi: sare, cheo, utaratibu, kamanda anayengoja. Zote alizijua ni za uongo hata kabla hazijamfika ulimini.

Walikwenda kwa miguu, bega kwa bega, katikati ya barabara yenye vumbi jekundu. Abigaël aliona watu wakiwatazama, akatamani ardhi ipasuke, akaendelea kutembea. Kituo kilikuwa kimejaa saa ile, pikipiki zimepangwa, madereva wamekalia matanki yao wakingoja abiria wa chuo. Wa kwanza aliyewaona alinyamaza. Wa pili akanyamaza. Mwishowe hata redio ikazimwa.

Jeannot alisimama mahali pale pale aliposimamishwa siku ile, akangoja.

Abigaël alivua kofia.

"Mimi ni Inspekta Ngalula," alisema. "Nilikuja hapa nikamkamata Jeannot Mumba. Sikumuuliza kitu. Sikwenda hata kumtazama aliyeumia. Jeannot hakumnyonga mtu. Abiria wake alianguka njiani, akambeba mgongoni mpaka kwao, na mimi nikamfunga kwa wema huo. Kosa ni langu. Namwomba msamaha."

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyemtukana pia. Jeannot alikuwa akitazama chini. Mkuu wa kituo, mzee mwenye kaptura ya bluu na kitabu cha zamu kwapani, alimwangalia inspekta kuanzia kichwani hadi miguuni, bila haraka yoyote.

"Chef," alisema, "sema tena. Bale ba nyuma habakusikia."

Abigaël alipandisha sauti, akaanza upya tangu jina lake.